Maji ya Mfereji, Asidi na Miche: Niliyojifunza Kampala na Kasese

Mtu anayenunua kipima pH (pH ni namba ya asidi: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni kinyume chake) kwa ajili ya bustani yake huwa na swali moja tu akilini: maji yangu yanasoma ngapi? Swali hilo nililibeba kwa muda mrefu nilipokuwa nikilea miche katika mifuko ya plastiki, kwanza Kampala na baadaye kwenye tambarare za Kasese, magharibi mwa Uganda, na leo naamini kwamba liko swali jingine linalopaswa kutangulia, nalo ni kiasi cha bikabonati, yaani chumvi zilizoyeyuka zinazofanya kazi kama chokaa, kilichomo ndani ya maji hayo. Majibu ya maswali haya mawili hayaendi pamoja, na mkulima wa vyungu, mifuko na makopo akiielewa tofauti iliyopo kati yake ataokoa asidi, fedha na miche mingi.

Nianze na Kampala. Maji ya mfereji ya jiji hilo hutoka Ziwa Victoria, yakivutwa na kusafishwa Ggaba na, tangu miaka ya karibuni, Katosi katika wilaya ya Mukono. Maji ya ziwa hili ni laini. Bikabonati zake, zikihesabiwa kwa desturi ya maabara kana kwamba zote ni chokaa, hukaribia miligramu 45 tu katika kila lita. Katika usafishaji hutiwa shabu ili tope likusanyike na kuzama, na kwa kuwa shabu hushusha pH, mitambo ya aina hii kwa kawaida huongeza chokaa au magadi kidogo kabla ya maji kusukumwa, ili yasiyale mabomba. Ndiyo maana maji yanayofika bombani huweza kusoma zaidi ya 7, na mwenye kitalu aliyesoma mahali fulani kwamba mimea ya kwenye vyungu hupenda kati ya 5.5 na 6.5 huingiwa na hofu na kukimbilia chupa ya asidi.

Pale Kampala nilikuwa na miche ya kahawa, michungwa iliyobebeshwa na stroberi chache, yote ikinyweshwa maji ya mfereji bila kuongezwa kitu. Kipima kilisoma kati ya 7.4 na 7.8, kikipanda na kushuka kwa siku. Miche ilikuwa ya kijani kibichi, majani yake mapana, na sikuona sababu ya kuigusa. Rafiki mmoja aliyekuwa akikuza saladi kwa maji matupu yasiyo na udongo alikuwa akisahihisha pH kila asubuhi, naye alikuwa na haki ya kufanya hivyo, kwa sababu katika mfumo wake mizizi huishi ndani ya maji yenyewe na hakuna kitu kingine cha kuishikilia pH. Mmea ulio kwenye udongo au mbolea ya mboji haunywi pH ya jerikani. Mizizi yake huishi katika unyevu ulio kati ya chembe za udongo, na unyevu huo una pH yake wenyewe, inayotokana na mboji, mbolea, mizizi na vijidudu, huku maji ya kumwagilia yakiivuta polepole kwenda upande mmoja au mwingine.

Hapa inafaa kukumbuka kipimo chenyewe ni kitu gani. Kilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, mkemia aliyefanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, naye alikipanga kwa namna ambayo kila hatua moja ni badiliko la mara kumi. Maji ya pH 6 yana asidi huru mara mia kuliko maji ya pH 8. Tofauti hiyo inaonekana kubwa mno, lakini katika namba hizi za katikati tunazungumzia asidi kidogo sana, kiasi ambacho udongo wa mfuko mmoja hukimeza bila kutikisika. Kile ambacho udongo haukimezi kirahisi ni bikabonati, kwa maana zenyewe hufanya kazi ya chokaa, na kila unapomwagilia unaongeza nyingine juu ya zile za jana.

Kasese ndiko nilikolielewa jambo hili. Kitalu changu kipya kilikuwa karibu na senta ndogo kwenye tambarare, na mfereji wake ulilishwa na kisima kirefu cha pampu. Siku ya kwanza kipima kilisoma 7.3, yaani chini kidogo ya kile nilichokizoea Kampala, na kwa kuitazama namba hiyo peke yake mtu yeyote angesema maji haya ni mazuri zaidi. Baada ya wiki kadhaa majani machanga ya michungwa yakaanza kugeuka manjano katikati ya mishipa, huku mishipa yenyewe ikibaki ya kijani kana kwamba imechorwa kwa kalamu. Stroberi zikafuata. Kahawa ilichelewa, nayo ikaja.

Mama mmoja jirani, mkulima wa miaka mingi ambaye mashamba yake yako juu kwenye miteremko ya Rwenzori, aliitazama miche ile akaniambia, "Mwanangu, hii ina njaa, itie majivu." Nilimheshimu na bado namheshimu, kwa sababu kule kwake kwenye udongo wenye asidi majivu ni dawa kweli, yanapunguza asidi na kuleta potasiamu. Fundi aliyekuwa akinisaidia kubebesha michungwa alipendekeza yurea. Nikawaomba wote wawili tuangalie kwanza ni majani yapi yaliyougua. Mmea unapokosa naitrojeni huipokonya kutoka majani ya zamani na kuipeleka kwenye machipukizi, kwa hiyo manjano huanzia chini. Madini ya chuma hayahamishiki hivyo. Yakikosekana, ni majani ya juu yanayoonyesha, na manjano hukaa kati ya mishipa. Tuliyeyusha salfeti ya chuma kidogo, hafifu sana, tukapaka kwa brashi nusu ya majani ya mche mmoja, na siku chache baadaye sehemu zilizopakwa zikaanza kurudisha kijani. Basi chuma ndicho kilichokosekana, na kwa kuwa udongo wetu mwekundu una chuma tele, tatizo lilikuwa kwamba mizizi haiwezi kukichukua. Chuma hufungika pH inapopanda kuzidi 7, na manganizi na zinki hufuata njia hiyohiyo.

Aliyeniondolea giza ni jirani mwingine, mfugaji wa samaki. Wafugaji wa samaki huzijali bikabonati kuliko sisi wakulima wa miche, kwa sababu ndizo zinazozuia pH ya bwawa isiyumbe usiku na mchana, nao huwa na kisanduku kidogo cha kupimia. Unachukua maji kwenye kichupa, unatia rangi ya kuashiria, kisha unadondosha asidi tone baada ya tone ukihesabu mpaka rangi igeuke. Maji ya mfereji wetu yalikunywa matone mengi mno, na hesabu ikafika karibu miligramu 300 kwa lita. Kipima pH hakikuwa kimesema neno lolote kuhusu hilo.

Tufanye hesabu pamoja, maana hapa ndipo ulipo uzito wa jambo. Mche unaopata robo lita kwa siku utakuwa umekunywa lita 25 katika siku 100. Kwa maji ya Ziwa Victoria, hayo ni sawa na kuuwekea zaidi kidogo ya gramu moja ya chokaa. Kwa maji yale ya kisima ni gramu saba na nusu, ndani ya mfuko wa lita mbili za udongo, kiasi ambacho hakuna mwenye kitalu angekitia kwa makusudi katika mchanganyiko ambao tayari uko sawa. Sehemu yake hutoka na maji yanayochuruzika chini, sehemu humezwa na asidi ya mboji, lakini kinachobaki kinatosha kuipandisha pH ya mizizi polepole bila mtu kugundua.

Na kwa nini kisima chenye bikabonati nyingi namna ile kilisoma 7.3 tu? Kwa sababu maji ya ardhini hutoka yamebeba hewa ya kaboni dioksidi iliyoyeyuka, nayo ni asidi dhaifu inayoishusha namba. Niliyaacha maji yale usiku kucha kwenye ndoo iliyo wazi, na asubuhi yalisoma zaidi ya 8, ingawa hakuna aliyeyatia kitu. Hewa ilikuwa imetoroka, bikabonati zimebaki. Hapo Kasese sihitaji hata kisanduku cha matone ili kushuku maji ya namna hii: ukoko mweupe ndani ya birika, sabuni isiyotoa povu, na ukungu mweupe pembeni mwa mifuko ya miche vinatosha kumtahadharisha mtu. Wilaya hii ina mawe ya chokaa, na ndiyo yaliyofanya kiwanda cha saruji kijengwe pale Hima, na maji yanayopita ndani ya mawe ya namna hiyo huyeyusha sehemu yake.

Baada ya kujua hivyo, kuyasahihisha maji ni kazi ya kuondoa bikabonati, na pH hufuata yenyewe. Asidi yoyote ukiitia hukutana na bikabonati na kuzigeuza kuwa maji na kaboni dioksidi, na mpaka sehemu kubwa yake iishe, namba kwenye kipima husogea kwa uvivu. Hilo huwachanganya wengi. Wanatia kidogo, wanaona 7.9, wanatia tena, wanaona 7.5, wanakasirika na kumimina, kisha namba inaporomoka ghafla hadi 4. Lengo langu ni kubakiza kama miligramu 75 kwa lita, ambako pH hukaa karibu na 6. Kuzimaliza zote si busara, kwa kuwa maji yasiyo na akiba yoyote huyumbishwa na kila chembe ya mbolea.

Kwa jerikani ya lita 20 ya maji yale ya Kasese, kazi hiyo inahitaji karibu gramu 8 za asidi ya sitriki, ile ya unga mweupe inayotumika kutengeneza juisi. Kwa jerikani ya maji ya Kampala, hata mtu akiamua kuyashusha hadi 6, gramu 1 inatosha. Maji mawili yenye pH zinazokaribiana yanatofautiana mara nane katika asidi yanayohitaji, na ndiyo sababu siwezi kumwambia mwenzangu wa mji mwingine atie vijiko vingapi.

Wengi huuliza kuhusu malimau. Maji ya limau yana asidi ya sitriki kiasi cha gramu 50 hivi kwa lita, kwa hiyo jerikani ya Kampala ingeridhika na kijiko kikubwa na nusu hivi, ilhali ile ya Kasese ingedai zaidi ya mililita 150, yaani malimau manne au zaidi kila jerikani, kila siku. Gharama si hoja kubwa kuliko hoja ya pili, ambayo sijaisikia ikisemwa mara nyingi. Limau na siki ni asidi zitokanazo na viumbe, na vijidudu vya udongo huzila. Vikimaliza kula sitrati iliyobaki baada ya asidi kufanya kazi yake, bikabonati huzaliwa upya mle mle ndani ya mfuko. Ndani ya jerikani namba inapendeza, lakini ndani ya udongo sehemu kubwa ya ushindi huo hurudi nyuma baada ya muda. Kwa mche wa mwezi mmoja, au kwa chungu kimoja cha barazani, limau linasaidia, tena sitrati yenyewe hukishika chuma na kukifikisha kwenye mizizi kwa muda. Kwa kitalu kizima cha mwaka mzima sitegemei limau.

Asidi za madini hazirudi nyuma. Mashamba ya maua yanayosafirishwa nje hutumia asidi ya naitriki, ya fosforiki au ya salfuriki, na kila moja huacha lishe yake: naitrojeni, fosforasi, salfa. Ya fosforiki ni laini kidogo kuishika lakini ukiitumia kwa maji yenye bikabonati nyingi unaishia kuwapa miche fosforasi kupita kiasi, na fosforasi ikizidi nayo huzuia chuma, kwa hiyo unarudi ulikotoka. Mimi hutumia ya salfuriki, ile mpya iliyopunguzwa nguvu inayouzwa kwa ajili ya kujaza betri, na jerikani ya maji yetu huhitaji chini ya mililita 10. Naisema namba hiyo kwa tahadhari kubwa, kwa sababu nguvu ya asidi hutofautiana kutoka muuzaji hadi muuzaji na ni lazima kila mtu aipime kwa maji yake. Asidi iliyotolewa ndani ya betri kuukuu isitumike hata kidogo, maana imebeba madini ya risasi, na risasi ikiingia kwenye udongo wa mboga haitoki.

Usalama sitauharakisha. Asidi hutiwa ndani ya maji, kamwe maji hayatiwi ndani ya asidi, kwa kuwa joto linalozuka huweza kurusha matone usoni. Miwani na glavu za mpira ziwepo, na chombo kiwe cha plastiki, si cha bati. Na naomba kwa moyo wote kwamba mtu asiihifadhi asidi katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa saa moja, hata kama ameandika juu yake. Nyumba zetu zina watoto, na wageni wenye kiu huingia jikoni bila kuuliza.

Utaratibu wangu ni wa taratibu. Nachukua lita moja ya maji yaliyolala usiku, naongeza asidi iliyopunguzwa nguvu kwa bomba la sindano la duka la dawa, nakoroga, nasubiri dakika chache, napima, naongeza tena. Nikifika 6 naandika kiasi nilichotumia na kukizidisha kwa ukubwa wa pipa. Kesho yake maji yaleyale yaliyoachwa wazi husoma juu zaidi, na hilo halinitishi tena, kwa kuwa ni kaboni dioksidi inayotoka na wala si bikabonati zinazorudi. Kipima chenyewe hukisahihisha kwa vimiminika vya pH 4 na 7 kabla ya kazi, na ncha yake ya kioo haiachwi ikauke. Maji laini kama ya Kampala huifanya namba itembee kwa muda mrefu kabla ya kutulia, basi mtu awe na subira.

Zaidi ya maji yanayoingia, hupima yanayotoka. Nikimaliza kumwagilia nasubiri saa moja, namimina juu ya mfuko maji kidogo ya mvua, na kukinga yale yanayochuruzika chini. pH ya maji hayo ndiyo inayonieleza mizizi inaishi katika hali gani, na kama inasoma 6.2 sina la kufanya hata mfereji ukisoma 8.

Mvua imenisaidia kuliko asidi zote. Maji ya paa la bati hayana bikabonati za kutajika, na kuchanganya ni hesabu nyepesi: nusu ya maji ya miligramu 300 na nusu ya mvua hutoa 150, robo kwa robo tatu hutoa 75 nililokuwa nikilitafuta, bila tone la asidi. Hesabu hiyo inakubali kwa bikabonati tu, haikubali kwa pH. Paa la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 20 linaweza kutoa hadi lita 800, pungufu ya kile kinachopotea kwenye mifereji ya paa. Tambarare za Kasese hazina mvua nyingi kama Kampala, kwa hiyo tangi langu hujaa katika misimu miwili ya mvua na asidi hubaki kwa miezi ya kiangazi.

Kuna jambo ambalo asidi haiwezi. Wilaya hii ndiyo yenye Ziwa Katwe, ambako watu huvuna chumvi tangu zamani, na baadhi ya maji ya ukanda huu yana sodiamu na chumvi nyinginezo. Asidi huondoa bikabonati peke yake. Chumvi hubaki palepale. Ncha za majani zikiungua na kukauka, ni heri kupima chumvi kwa kipima kinachoonyesha jinsi maji yanavyopitisha umeme kabla ya kununua asidi, na kama chumvi iko juu, tiba ni mvua au chanzo kingine.

Na yote haya ni habari ya mifuko na vyungu. Mtu mwenye bustani ya ardhini Buganda, anayemwagilia mboga za majani kama nakati au dodo kwa maji ya mfereji, hana haja ya kuyagusa maji hayo. Udongo wa maeneo mengi kandokando ya Ziwa Victoria una asidi tayari, mara nyingine kupita kiasi, na bikabonati kidogo za mfereji ni msaada kwake. Huyo akitaka kutumia fedha zake vizuri apeleke sampuli ya udongo kwenye maabara ya taifa ya utafiti wa kilimo pale Kawanda, na huenda akarudi na ushauri wa kuongeza chokaa au majivu, yaani kinyume kabisa cha ninachofanya mimi Kasese. Mama jirani yangu nilipomweleza hivyo aliona haraka kuliko wengi: majivu yake yabaki mlimani, na maji yangu ya kisima yabaki na asidi yake.

Mwaka huu nimeweka mabomba ya matone kwa michungwa mikubwa, na bikabonati zimejitokeza kwa sura nyingine, kwani matundu huziba kwa chokaa jua linapokausha tone la mwisho. Maji yaliyosahihishwa hadi 6 hayazibi kwa urahisi hivyo, kwa hiyo sasa asidi huingia kwenye pipa linalolisha mabomba kabla ya pipa la kumwagilia kwa mkono, na kila mwanzo wa kiangazi narudi kwa jirani wa samaki kuazima kisanduku cha matone, kwa kuwa kisima hakisomi sawa mwaka mzima.